Jinsi ya Kuandika Noti Chuoni

Nawaandikia ninyi wadogo zangu mlio katika vidato vya juu, katika gazeti letu hili. Miaka michache iliyopita nami nilikaa katika madawati hayo mnayokalia sasa. Kila gazeti lilipotoka nilianza kusoma habari za wale waliotutangulia, kwa kuwa walitueleza mambo yaliyokuwa mbele yetu. Leo ni zamu yangu. Nataka kueleza jambo moja tu, nalo ni namna ya kuandika maneno ya mwalimu katika daftari, yaani hizo tunazoziita noti. Pengine mtasema, "Jambo gani hilo? Nani asiyejua kuandika noti?" Nami nilisema vivyo hivyo, na kwa kusema hivyo nusura nirudishwe nyumbani.

Huko shuleni mwalimu huandika ubaoni, na wanafunzi hunakili. Ubao ukijaa, hungoja mpaka walio nyuma wamalize, ndipo afute. Chuoni sivyo. Mwalimu huingia, husalimu, husema muda wa saa nzima, kisha huenda zake. Ubaoni huandika majina mawili matatu tu. Hangoji mtu, wala haulizi nani amebaki nyuma. Tena husema kwa Kiingereza, na kwa mwendo wa mtu aliyezaliwa nacho.

Nilipoingia chuo kimoja cha ualimu hapa Uganda, nilijua vema kwamba baba yangu alikuwa ameuza kahawa yote ya msimu ule, na mbuzi wawili juu yake, ili nipate karo ya muhula wa kwanza. Kwa hiyo niliapa kwamba halitanipita hata neno moja. Nilinunua madaftari manne makubwa na kalamu za kutosha. Mwalimu alipofungua kinywa, kalamu yangu ilianza mbio. Niliandika salamu zake. Niliandika hata mzaha wake. Lakini wenzangu walipocheka mimi sikucheka, kwa kuwa nilikuwa bado naandika sentensi iliyoutangulia mzaha huo.

Chumbani nilikaa na mwenzangu mmoja, mtu wa upande wa Arua. Yeye hakujua lugha ya kwetu, wala mimi sikujua ya kwao, basi lugha yetu ilikuwa Kiswahili. Daftari lake lilikuwa jembamba. Darasani mara nyingi aliweka kalamu chini, akamtazama mwalimu tu. Nilimwonea huruma, hata siku moja nikamwambia, "Ndugu, mbona huandiki? Mtihani utakukuta mikono mitupu."

Akajibu, "Naandika, ndugu yangu. Lakini nasikiliza kwanza."

Mtihani wa muhula ulipokwisha, matokeo yalibandikwa ukutani. Katika Jiografia yeye alipata 68 kwa mia. Mimi nilipata 31. Niliitwa nikaambiwa kwamba nitafanya mtihani wa marudio baada ya likizo, na nikishindwa tena, nafasi yangu atapewa mwingine. Usiku ule nilifungua daftari la Jiografia. Lilikuwa na kurasa 61 zilizojaa. Nilisoma mpaka taa zikazimwa, wala sikuweza kusema ni jambo gani kubwa tulilofundishwa. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Mali yangu ilikuwa na daftari, tena nene, na bado ilipotea.

Kesho yake nilimweleza mwenzangu, naye hakunicheka. Alichukua kitabu na saa ya mkononi, akasema, "Andika nisomavyo, kama unavyoandika darasani." Akasoma dakika moja kwa mwendo wa mwalimu. Tulipohesabu, yeye alikuwa amesoma maneno 118, na mimi nilikuwa nimeandika 26.

"Basi," akasema, "hayo 92 yamekwenda wapi?"

Nikanyamaza.

"Na hayo 26, yana maana gani? Usitazame karatasi."

Sikuweza kujibu. Mkono wangu ulikuwa umeandika, lakini akili yangu haikuwapo. Hapo nikafahamu maana ya ile methali isemayo, "Mshika mbili, moja humponyoka." Mtu hawezi kuyakamata maneno yote na maana yote kwa wakati mmoja. Ukitaka maneno yote, utakosa maana, na hayo maneno yenyewe utayakosa pia, kwa kuwa ulimi una mbio kuliko kalamu.

Sasa nitaeleza jinsi alivyonifundisha, na mengine niliyojifunza baadaye.

Kwanza, sikiliza jambo mpaka liishe, ndipo uandike. Nitawapa mfano wa somo lenyewe lililonishinda. Mwalimu alisema maneno kama haya:

"Ziwa Victoria ndilo kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika, na eneo lake ni zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Walakini mahali penye kina kirefu kabisa ni kama mita 80 tu. Ziwa Tanganyika, eneo lake halifiki hata nusu ya Victoria, lakini kina chake chafika mita 1,470 hivi. Kwa nini? Kwa sababu Tanganyika limo ndani ya Bonde la Ufa, mahali ambapo ardhi ilipasuka na kudidimia. Victoria halimo ndani ya ufa. Liko katikati ya mikono miwili ya Bonde hilo, wa mashariki na wa magharibi. Nchi ya upande wa magharibi ilipoinuka, mito iliyokuwa ikienda huko ilizuiwa, na maji yakatandaa katikati kama maji katika sahani."

Katika daftari langu nilikuta hivi: "Ziwa Victoria ndilo kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika na eneo lake ni zaidi ya kilomita za mraba... mahali penye kina... Ziwa Tanganyika eneo lake... 1,470... sababu..." Na baada ya neno "sababu" somo lingine lilikuwa limeanza. Nilikuwa nimeandika sifa za ziwa ambazo hata mtoto wa Entebbe azijua, na lile jambo moja lililoulizwa katika mtihani sikuwa nalo.

Katika daftari la mwenzangu ilikuwa mistari minne:

V: eneo 68,000+, kina m. 80
T: eneo chini ya nusu ya V, kina m. 1,470
T ndani ya Ufa, ardhi ilididimia → kina kirefu
V kati ya mikono 2, magh. iliinuka, mito ikazuiwa → maji yakatandaa (sahani)

Tazameni vizuri. Hakuna sentensi nzima hata moja, lakini jambo lote limo, tena sababu imo. Aliweza kuandika hayo kwa kuwa alimngoja mwalimu amalize, akajiuliza, "Amesema nini?" ndipo akashika kalamu. Fupi ni ile iliyopita katika akili kwanza. Mtu asiyefahamu hawezi kufupisha. Huweza kunakili tu.

Mtauliza, "Nitajuaje lipi la kuandika na lipi la kuacha?" Mwalimu mwenyewe hukuonyesha, ukimsikiliza. Akisema "kwa sababu", au "kwa hiyo", au "lakini", tega sikio, maana hapo ndipo jambo linapogeuka. Akisema "sababu ni tatu", andika 1, 2, 3 upesi upande wa karatasi, kisha zijaze. Ukikosa ya pili utaona pengo, na utajua la kumwuliza mwenzako. Akirudia jambo mara mbili, liandike. Akiliandika ubaoni, liandike. Akitoa hadithi, andika neno moja la kukukumbusha, kama yule alivyoandika "sahani". Maelezo yaliyomo katika kitabu mlicho nacho yaache. Andika ukurasa tu.

Pili, jiwekee alama zako. Mshale ni "husababisha". Alama ya kuuliza pembeni ni "sikufahamu". Jina refu liandike kamili mara moja, kisha herufi yake moja. Lakini alama zisiwe nyingi, tena zisibadilike kila siku. Katika daftari langu la kale niliona "m." mahali pengi, na mpaka leo sijui kama ilikuwa mita, au mto, au mwaka, au mlima.

Tatu, gawanya ukurasa. Njia hii ilienezwa na Walter Pauk, aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, naye aliieleza katika kitabu chake cha kujifunza chuoni kilichotoka mwaka 1962. Haina gharama, yataka rula tu. Piga mstari kutoka juu kushuka chini, ukiacha sentimita 6 hivi upande wa kushoto. Kisha piga mwingine wa kukata chini, ukiacha sentimita 5 hivi. Darasani andika upande wa kulia tu, ulio mpana. Huko kushoto na huko chini paache peupe.

Baada ya darasa, rudi katika ukurasa huo. Upande wa kushoto andika maswali ambayo noti zako zinayajibu. Kwa somo lile la maziwa ningeandika: "Kwa nini V ni kubwa lakini kina chake ni kifupi?" na tena, "Ufa ulifanya nini kwa T?" Kisha huko chini andika somo lote kwa sentensi moja au mbili. Mimi niliandika: "Kina cha ziwa hutokana na jinsi lilivyofanyika, si na ukubwa wake." Ukishindwa kuandika sentensi hiyo, ujue hukufahamu somo, na afadhali ujue jioni hiyo kuliko siku ya mtihani.

Nne, fanya hivyo siku ile ile. Yuko Mjerumani mmoja, Hermann Ebbinghaus, ambaye katika mwaka 1885 alitoa kitabu juu ya kukumbuka na kusahau. Alijipima nafsi yake. Alijifunza kwa moyo orodha za silabi zisizo na maana, akangoja, kisha akapima ni kazi kiasi gani ya kujifunza aliyookoa alipozirudia. Aliona kwamba kusahau hakuendi polepole sawasawa kama maji ya mtungi uliotoboka. Huenda mbio sana mwanzoni. Baada ya saa moja, zaidi ya nusu ya kazi ile ilikuwa imepotea. Baada ya siku moja, kama thuluthi mbili. Na tangu hapo kupotea kulipunguza mwendo. Bila shaka somo lenye maana halipotei upesi kama silabi tupu, lakini njia ya kusahau ndiyo hiyo. Mwanafunzi asemaye, "Nitazipanga noti zangu mwisho wa muhula," atapanga karatasi za mgeni asiyemjua. Dakika 10 za jioni hushinda saa 3 za mwezi ujao.

Tano, na hili ndilo kubwa, usizisome noti tu, jiulize. Funika upande wa kulia kwa karatasi, tazama maswali ya kushoto, ujibu kwa sauti au kwa kuandika. Kisha funua, uone. Katika mwaka 2006 wataalamu wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, walitangaza majaribio waliyofanya na wanafunzi wa chuo. Wengine walisoma habari fulani, kisha wakaisoma tena. Wengine waliisoma mara moja, kisha wakaandika yote waliyoyakumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika 5, wale waliosoma mara mbili walikuwa mbele kidogo. Lakini baada ya juma moja walikumbuka kama 42 kwa mia, na wale waliojijaribu walikumbuka kama 56. Kusoma tena na tena hutupa furaha, kwa kuwa maneno huonekana kama rafiki tuliyemzoea. Lakini kumjua mtu kwa sura si kulijua jina lake. Hilo ndilo lililonipata mimi usiku wa kabla ya mtihani: kila ukurasa niliujua kwa sura.

Sita, tumia lugha yako kujipima. Masomo yetu ni kwa Kiingereza, na mtihani ni kwa Kiingereza. Kwa hiyo majina ya kitaalamu yaandike kama mwalimu alivyoyasema. Lakini jioni, mwenzangu nami tulikuwa na desturi ya kuelezana somo kwa Kiswahili. Mara nyingi niliona kwamba maneno makubwa ya Kiingereza niliyoyaandika kwa majivuno sikuweza kuyaeleza hata kwa mtu aliyeketi kitanda cha pili. Tulipolirudia mpaka likaelezeka, ndipo lilipokuwa langu.

Labda mmoja wenu anafikiri, "Hayo ni ya kale. Mimi nina simu. Nitaupiga picha ubao." Naam, picha yafaa pale palipo na mchoro mgumu wa kunakili. Lakini picha ni kama kitabu ambacho hujakisoma. Iko mfukoni, haiko kichwani. Niliwaona wenzangu wenye picha mia tatu katika simu, na hawakuzifungua mpaka simu ikaibwa. Na wale wenye kompyuta? Katika mwaka 2014 Pam Mueller na Daniel Oppenheimer walitangaza kwamba wanafunzi walioandika kwa kompyuta walinakili maneno mengi ya mwalimu kama yalivyosemwa, na katika maswali ya kufikiri walikuwa nyuma ya walioandika kwa mkono. Wataalamu wengine waliyarudia majaribio hayo katika miaka iliyofuata, na safari hii tofauti ya alama haikuonekana wazi. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kompyuta ni mbaya. Nasema tu kwamba vidole vyepesi vyaweza kumponza mtu kama mkono wangu ulivyoniponza: kuandika yote bila kufikiri lolote.

Sasa nirudi katika habari yangu. Likizo nilikwenda nyumbani na lile daftari la kurasa 61. Mchana nilichuma kahawa na baba. Jioni nilikaa na taa, nikaomba kwa daftari la mwenzangu yale niliyoyakosa, kwa kuwa alikuwa ameniazima, nikaanza kuandika upya. Baba alinitazama siku tatu, kisha akauliza, "Mwanangu, uliandika kitabu kizima. Mbona sasa wakifupisha?"

Sikuwa nimemwambia habari za 31. Nilitaka kumficha, lakini nilipowakumbuka wale mbuzi wawili, nikamwambia yote. Alinyamaza kitambo. Nilidhani atakasirika. Kisha akasema, "Katika kahawa twachuma nyekundu, mbichi twaziacha. Achumaye zote pamoja hujaza kikapu mapema, na wenzake humsifu njiani. Lakini akifika kwa mnunuzi, bei humwambia." Hakusema zaidi. Kesho yake alinipa ruhusa kubaki nyumbani asubuhi ili nisome.

Kurasa 61 zilitoka 9. Kila ukurasa ulikuwa na maswali yake kushoto na sentensi yake chini. Nilijiuliza maswali yale njiani, shambani na kisimani, hata mdogo wangu akayajua mengine kwa kunisikia. Katika mtihani wa marudio nilipata 63. Si alama ya kujivunia mbele ya watu, lakini ilinibakiza chuoni, na kahawa ya baba haikupotea bure.

Basi, wadogo zangu, msingoje kufika chuoni ndipo mjifunze jambo hili. Anzeni juma hili, kwa somo moja tu. Mwalimu akiisha kufuta ubao, fungeni daftari, mwandike kwa sentensi mbili yale aliyofundisha. Mkiweza, vema. Msipoweza, mwulizeni wakati yupo bado karibu yenu, kwa maana huko mbele mwalimu hangoji.

Nawatakieni masomo mema. Ni mimi, mwanafunzi wa zamani wa shule yetu.